Mmea haukuumba uchungu wake kwa ajili yetu

Pita sokoni, simama katika kituo cha matatu au fungulia redio wakati wa matangazo ya biashara, na hutakosa kuisikia kauli hii: "Dawa hii ni ya mitishamba, haina kemikali, haina madhara." Kauli yenyewe ni fupi, ni tamu masikioni, na imerudiwa mara nyingi hata ikapata hadhi ya methali. Ila ina makosa mawili. Kwanza, hakuna mmea usio na kemikali. Pili, ile kemikali inayotafutwa katika jani, gome au mzizi, aghalabu imo mle kwa sababu inamdhuru anayeula mmea huo.

Sikusudii kuwabeza waganga wa mitishamba, wala kuwapigia debe wauzaji wa vidonge. Hoja yangu ni kwamba tusipoelewa mmea uliipata vipi sumu yake, na inamlenga nani, hatutajua kuitumia kama dawa, wala hatutajua kujikinga nayo tunapoila katika chakula. Ujinga huu si mchezo. Umewahi kuwagharimu watu miguu yao, kama nitakavyoeleza, na si mbali na mipaka yetu.

Asiyeweza kukimbia

Wahenga walinena kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Hakuna kiumbe anayeistahili methali hii kuliko mmea. Swala akimwona chui hutimua mbio. Kobe hujificha ndani ya gamba lake. Mmea umekita mizizi pale pale ulipoota, na ukivamiwa na nzige, mbuzi au kiwavi hauna pa kukimbilia. Hata hivyo, dunia ingali ya kijani. Ni kweli kwamba wadudu nao wana maadui wanaowapunguza, lakini sababu nyingine kubwa ni kwamba majani mengi tunayoyaona hayaliki ovyo.

Kwa muda mrefu wanakemia walikutana na nikotini katika tumbaku, kafeini katika kahawa na tanini katika magome ya migunga, wasijue vitu hivyo vina kazi gani. Havikuonekana kuusaidia mmea kukua, wala kutengeneza sukari kwa mwanga wa jua. Wengi wakavihesabu kuwa takataka, yaani mabaki ya shughuli nyingine za mmea. Mwaka 1959 Gottfried Fraenkel, mtaalamu wa wadudu katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, aliandika katika jarida la Science kwamba hizo si takataka bali ni silaha: kazi yake ni kuwafukuza wadudu.

Miaka mitano baadaye, mwaka 1964, Paul Ehrlich na Peter Raven walichapisha makala mashuhuri kuhusu vipepeo na mimea inayoliwa na viwavi wao. Walionyesha kwamba vipepeo wa nasaba moja huelekea kula mimea yenye kemikali zinazofanana. Maelezo yao yalikuwa haya: mmea ukipata sumu mpya, hupumua na kuenea bila ya kusumbuliwa. Baadaye akitokea mdudu anayeistahimili sumu ile, hupata chakula asichoshindaniwa na mwingine, na uzao wake huongezeka. Hapo mashindano huanza upya, na hayajafika ukingoni mpaka leo.

Yafaa tuwe waangalifu na maneno. Tunaposema kuwa mmea "ulijiundia" sumu, ni lugha tu inayotulazimisha kusema hivyo. Hakuna mmea uliokaa barazani ukapanga vita. Katika kila kizazi miche hutofautiana kidogo. Mche uliotokea kuwa na chembe ya uchungu kuliko wenziwe ulitafunwa kidogo kuliko wao, ukazaa mbegu nyingi zaidi, na mbegu hizo zikairithi ladha ile. Rudia jambo hilo kwa mamilioni ya miaka, na uchungu hafifu hugeuka sumu kamili. Ndiyo maana silaha moja huweza kuzuka zaidi ya mara moja. Mwaka 2014, watafiti walipoisoma ramani nzima ya jeni za mbuni, waligundua kwamba vimeng'enya vinavyotengeneza kafeini katika mmea huo vilitokea kwa njia yake, mbali kabisa na vile vya mchai. Mimea miwili isiyo ya ukoo mmoja iliifikia sumu ile ile kila mmoja kivyake, nasi tunainywa kila asubuhi.

Silaha na gharama yake

Silaha haipatikani bure. Chochote kinachotumika kutengeneza sumu kingeweza kutumika kwa majani, maua na mbegu. Kwa hivyo mimea mingi haibebi zana zake zote wakati wote. Chukua mfano wa tumbaku. Kiwavi akiling'ata jani, ujumbe wa kikemikali husafiri kutoka kwenye jeraha hadi mizizini, nikotini zaidi ikatengenezwa huko, kisha ikapandishwa majanini. Nikotini huvuruga mishipa ya fahamu ya mdudu. Hata hivyo, yupo kiwavi wa nondo wa Amerika, aitwaye Manduca sexta, anayeila tumbaku bila ya kudhurika kwa kipimo ambacho kingewaua wadudu wengine.

Gharama hii imepimwa hapa hapa nchini. Katika nyanda za Laikipia ipo migunga inayowapa sisimizi makao ndani ya vinundu vya miiba na kuwalisha utomvu mtamu, nao sisimizi huwashambulia wanyama wanaokuja kula majani. Watafiti waliizungushia ua baadhi ya miti hiyo ili tembo, twiga na wanyama wengine wakubwa wasiifikie. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kwamba, baada ya miaka kumi, miti iliyokuwa ndani ya ua ilikuwa imepunguza utomvu na vinundu. Askari wa kukodi hawalipwi pasipo na adui.

Wapo pia wanaoiteka silaha ya mmea na kuifanya yao. Kipepeo wa rangi ya chungwa, Danaus chrysippus, anayeonekana karibu kote Afrika Mashariki, hutokana na viwavi wanaokula mimea yenye utomvu mweupe na sumu ya moyo. Sumu hiyo huweza kuhifadhiwa mwilini mwao hadi wanapokuwa vipepeo, na ndege hujifunza kuwaepuka. Kuna kipepeo mwingine asiye na sumu, Hypolimnas misippus, ambaye jike lake huvaa rangi zile zile na kulindwa na sifa ya mwenzake.

Lakini mfano unaonishangaza zaidi ni wa msunguti. Wawindaji wa sehemu hizi wamejua tangu jadi kwamba mti huu ukichemshwa hutoa utomvu ambao, ukipakwa kwenye mshale, huangusha hata mnyama mkubwa. Sumu yake huitwa ouabaini, jina lililotokana na neno la Kisomali waabaayo, yaani sumu ya mishale. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulithibitisha kwamba panya mmoja mkubwa wa Afrika Mashariki mwenye manyoya marefu, Lophiomys imhausi, hulitafuna gome la msunguti kisha akajipaka mate yenye sumu ubavuni. Mbwa akimng'ata huugua vibaya, na huenda akafa. Na sumu hiyo hiyo iliwahi kutumiwa na madaktari wa Ulaya, kwa kipimo kidogo mno, kuwatibu wagonjwa wa moyo.

Ushahidi wa lugha

Mimi si tabibu wala mwanabotania. Kazi yangu ni lugha. Naona kwamba lugha zetu zilikwisha kuutambua ukweli huu kabla ya maabara. Neno "dawa" katika Kiswahili halitaji uponyaji pekee. Twasema dawa ya kikohozi, na kwa ulimi ule ule twasema dawa ya mende na dawa ya kupe. Kimoja kinaokoa, kingine kinaua, na jina ni moja. Wagiriki wa kale nao walikuwa na neno pharmakon, lililobeba maana ya tiba na ya sumu kwa pamoja, na ndilo lililozaa neno famasia.

Tazama pia neno "uchungu". Ni ladha ya ulimi, ni maumivu ya mama anayejifungua, ni huzuni ya aliyefiwa. Tukitaka kuutaja uchungu uliokithiri, twasema "chungu kama shubiri", na shubiri ni utomvu wa mmea ambao wanyama wengi huuepuka. Katika Kiarabu, tulikoipata shubiri, jina la mmea huo na neno sabr lililotupa "subira" yamejengwa kwa herufi zile zile tatu. Waliozisema lugha hizi hawakudhani kwamba uchungu ni pambo.

Hata ulimi wenyewe ni shahidi. Binadamu ana aina zipatazo 25 za vipokezi vya kutambua uchungu, ilhali cha kutambua utamu ni cha aina moja. Sababu inaeleweka. Sukari ni sukari, lakini sumu za mimea ni nyingi na za kila namna, na mababu wa mababu zetu waliozitema waliishi na kupata watoto. Uchungu, basi, ni onyo kabla ya kuwa tiba.

Somo la muhogo

Hakuna mahali ambapo onyo hili lina uzito kuliko katika muhogo. Mmea huu ulitoka Amerika Kusini, ukaletwa Afrika na Wareno katika karne ya 16, na leo ni tegemeo la mamilioni ya watu barani. Ndani ya seli zake, muhogo huhifadhi kitu kiitwacho linamarini. Kando yake, mahali palipotengwa, huhifadhi kimeng'enya cha kuivunja linamarini hiyo. Vikiwa mbalimbali, havina neno. Jino la panya au la nguruwe likizipasua seli, viwili hivyo hukutana, na mwishowe hutoka sianidi, mojawapo ya sumu kali zinazojulikana. Ni kama mtu anayeweka petroli katika chumba kimoja na kiberiti katika chumba cha pili: mwizi anayeubomoa ukuta hujiteketeza mwenyewe.

Muhogo mtamu una kiasi kidogo cha sumu hii, na muhogo mchungu una kingi. Msomaji huenda akauliza: basi kwa nini mkulima aupande mchungu? Watafiti waliozungumza na wanawake wakulima nchini Malawi katika miaka ya 1990 walipata jibu la wazi. Muhogo mchungu hauliwi na wanyama waharibifu, na mwizi hauibi kwa urahisi kwa sababu hawezi kuung'oa na kuula papo hapo. Uchungu ni mlinzi wa shamba asiyedai mshahara. Wanawake hao waliijua vyema tofauti ya aina moja na nyingine, na walijua kila aina ifanyiwe nini.

Tuitazame kazi yao. Muhogo mchungu humenywa, ukalowekwa majini kwa siku kadhaa hadi ukalainika, au ukakunwa na kuachwa uchachuke. Kisha huanikwa juani, ukatwangwa na kuchekechwa. Kuloweka na kukuna huzivunja seli, linamarini ikakutana na kimeng'enya chake, na sianidi ikaondoka kwa maji na kwa hewa. Kwa maneno mengine, mama huyu anaufanya mmea ufyatue silaha yake yote kabla haujafika mdomoni. Viwango vya kimataifa vya chakula vinataka unga wa muhogo usizidi miligramu 10 za sianidi kwa kila kilo. Yeye hana mizani ya kupimia miligramu. Ana siku za kuloweka, harufu, na ulaini wa muhogo kidoleni.

Pale elimu hiyo inapokatizwa, maafa hufuata. Mwaka 1938 daktari mmoja, Giovanni Trolli, alieleza ugonjwa aliouona wilayani Kwango, katika Kongo ya Wabelgiji. Mtu mwenye afya huamka akakuta miguu yake imekakamaa, na ulemavu huo haumtoki maishani. Wayaka wa eneo hilo waliuita konzo, yaani miguu iliyofungwa. Mwaka 1981, wakati wa ukame mkali katika jimbo la Nampula nchini Msumbiji, zaidi ya watu 1,000 walipatwa na ugonjwa huo, wengi wao wakiwa wanawake na watoto. Mwaka 1985, baada ya ukame, ulizuka Tarime nchini Tanzania, wilaya inayopakana na Kenya.

Ukame una madhara mara mbili hapa. Muhogo uliokosa maji huongeza sumu yake. Wakati huo huo, familia yenye njaa haiwezi kungoja siku zote zinazotakiwa. Hufupisha kuloweka, hufupisha kuanika. Isitoshe, mwili wa binadamu unahitaji protini ili kuidhoofisha sianidi, na katika njaa maharagwe, samaki na nyama ndivyo vinavyotangulia kutoweka. Sumu ni ya mmea, lakini umaskini ndio unaoifikisha miguuni mwa mtoto.

Nasisitiza jambo hili kwa kuwa hapa Kenya, kuanzia Pwani hadi Nyanza na Magharibi, wakulima wanahimizwa kupanda muhogo kama zao linalostahimili ukame. Ushauri huo ni mzuri. Lakini haifai kumpa mkulima kipande cha mti wa kupanda bila ya kumpa elimu inayoambatana nacho, hasa pale ambapo muhogo si chakula cha jadi na hakuna bibi wa kumwonya mjukuu.

Kuazima silaha

Sisemi kwamba tuziogope sumu za mimea. Binadamu amezifaidi mno. Ua la pareto lina pirethrini inayoivuruga mishipa ya fahamu ya wadudu. Kenya, iliyoanza kulikuza mwishoni mwa miaka ya 1920, iliongoza dunia katika zao hilo kwa miongo mingi kabla ya kupitwa na Australia. Katika mwaka 1973 watafiti wa Rothamsted nchini Uingereza walitangaza permethrini, iliyoundwa kwa kuiga umbo la pirethrini, na dawa za jamii hiyo ndizo zilizotiwa katika vyandarua vinavyotukinga na mbu wa malaria. Kule Mbita, kando ya Ziwa Victoria, wataalamu wa wadudu wamewafunza wakulima kupanda desmodiamu katikati ya mahindi, ambayo harufu yake huwafukuza nondo wanaozaa viwavi wa mabua, na matete kandokando ya shamba ili kuwavuta nondo hao nje. Mimea inapigana, mkulima anapanga safu.

Tofauti kati ya manufaa haya na tangazo la kituo cha matatu ni moja: kipimo. Mwarobaini, ambao asili yake ni Bara Hindi, una azadiraktini inayowafanya wadudu washindwe kula na kujivua ngozi ili wakue. Twausifu kwamba unatibu magonjwa arubaini. Lakini mapema miaka ya 1980 madaktari wa Malaysia waliripoti kuhusu watoto wadogo waliougua vibaya, wengine wakafa, baada ya kunyweshwa mafuta ya mwarobaini kama dawa ya nyumbani. Mafuta yale yalikuwa ya asili kabisa. Hayakuchanganywa na chochote.

Basi yapo mambo matatu ambayo hayahitaji fedha nyingi. La kwanza, anayeuza dawa ya mitishamba alazimishwe kutaja mmea wenyewe, kipimo chake, na nani asiitumie: mjamzito, mtoto, mgonjwa wa figo au moyo. Maneno "haina madhara" yapigwe marufuku katika matangazo, kwani hakuna awezaye kuyathibitisha. La pili, somo la sayansi shuleni liuchukue muhogo kama kielelezo, ili mtoto ajue kwamba bibi yake anapouloweka hafuati mila tu bali anaishinda kemia kwa kemia. La tatu linatuhusu sisi wa lugha. Kila jamii ya nchi hii ina majina ya mihogo, ya miti ya sumu na ya namna za kuvipika na kuvilainisha. Maneno hayo yasipokusanywa sasa, yatazikwa pamoja na wazee wanaoyajua, na pamoja nayo yatazikwa maonyo yaliyogharimu maisha ya wengi kuyapata.

Mmea haututakii mema wala mabaya. Ulikuwa ukipambana na viwavi na nzige kabla hatujaumbwa, nasi tumeingia katikati ya ugomvi usiokuwa wetu. Anayeingia vitani asipojua nani anamlenga nani, asishangae akipigwa mshale.